Bei ya Koili na Bei ya Baridi

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ya siku hizi, tangu Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, ni nadra kupita uchochoro mrefu usikute friji inayolisha aila nzima: hapa maziwa ya mgando, pale nyama ya kusaga, kwingine samaki waliotoka Kisumu usiku, na mbele kidogo barafu za watoto wa shule. Kwa hiyo swali ambalo zamani lilikuwa la wachache sasa limekuwa la umma, nalo ni hili: koili ya ndani ikitoboka, yaani ile sehemu inayogandisha barafu, ambayo mafundi huiita ivapureta, mwenye kipato kidogo anunue ipi ili asitupe fedha yake? Majirani na jamaa huniuliza karibu kila msimu wa joto, na kila niulizwapo hukumbuka mambo niliyoyaona tangu utotoni, kila moja likiwa na funzo lake. Nayaandika hapa kwa mfululizo, kwa kuwa naamini kwamba jibu la swali hili halipatikani kwenye kibandiko cha bei peke yake.

Nilizaliwa Majengo ya Pumwani, katika nyumba ya Kiswahili iliyoezekwa madebe, na baridi ya kwanza niliyoionja duniani ni ya mtungi wa bibi yangu, uliowekwa juu ya kata katika pembe ya ukumbi ambapo upepo wa mlango wa mbele ulikutana na upepo wa mlango wa uani. Shangazi mmoja alipotaka kuupaka mtungi ule rangi ya mafuta ili upendeze siku ya Idi, bibi alimkataza kwa kauli moja: "Ukiuziba jasho, mwanangu, umeuziba na baridi." Muradi wa maneno yale niliufahamu nilipokuwa mtu mzima, nilipofundishwa kwamba maji yanayopenya katika vinyweleo vya udongo na kugeuka mvuke huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Koili ya friji, na vilevile koili ya mashine ya kupoza hewa chumbani, hufanya kazi iyo hiyo kwa njia nyingine: gesi iliyogeuzwa kiowevu hupita katika bomba jembamba liitwalo kapilari, hutoka humo na kupata nafasi katika koili, huchemka ingawa ni baridi kali, na katika kuchemka kwake huvuta joto la vyakula au la chumba. Gesi ya R134a, mathalani, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri katika shinikizo la kawaida la hewa. Basi baridi hailetwi na mtu. Joto ndilo linaloondolewa, na anayenunua koili ananunua mahali pa kuondolea joto, wala si kipande cha bati cha kuziba pengo. Aliyekwisha kulifahamu jambo hili hawezi kuuliza bei kabla ya kuuliza kipimo.

Tulipohamia Jericho, mama alinunua friji iliyokwisha kutumika kutoka kwa wageni waliokuwa wakirejea kwao, na friji hiyo ikawa mtaji wake: asubuhi alimhifadhia samaki jirani aliyekuwa mchuuzi, na mchana aliuza barafu za ukwaju kwa wanafunzi. Friji ya aina ile haikujiyeyushia barafu yenyewe. Theluji ilijijenga juu ya koili hadi ikawa nene, na dawa yake ilikuwa kuizima usiku na kuiacha mlango wazi hata asubuhi. Siku moja binti aliyekuwa akimsaidia mama, akiwa na haraka kwa sababu kengele ya shule ilikaribia kulia, aliichokoa barafu ile kwa ncha ya kisu. Ukasikika mluzi mwembamba, ukadumu kwa muda, kisha kimya. Nilipoinama nikaona tundu lisilozidi ncha ya sindano, na kando yake tone la mafuta ya manjano, maana gesi huzunguka pamoja na kiasi kidogo cha mafuta ya kompresa, na popote inapotorokea huiacha alama hiyo. Koili za namna ile ni mabamba mawili membamba ya alumini yaliyobanwa pamoja na kuachiwa njia za gesi katikati. Ukuta wake hauwezi kushindana na chuma chenye makali.

Fundi wa kwanza alilipaka tundu gundi ya chuma, akajaza gesi, akapokea ujira wake akaenda. Friji ilifanya kazi kwa muda, kisha baridi ikapungua siku hata siku, kwani alumini hupanuka na kunywea kila mashine inapowaka na kuzima, na gundi iliyopakwa juu ya uchafu na mafuta haiwezi kuandamana nayo. Fundi wa pili alisema kwamba hapana budi kubadili koili yote, akaleta bamba lililotolewa katika friji kubwa iliyokufa, kwa bei ambayo mama aliipokea kwa shukrani. Bamba lile lilipendeza machoni, lakini liliundwa kwa mashine yenye nguvu kuliko yetu. Upande mmoja ukaganda na upande wa pili ukabaki vuguvugu, mafuta yakawa yanakaa katika njia za koili badala ya kurudi kwenye kompresa, na mashine ikawa haipumziki usiku wala mchana mpaka ikaungua. Mama alikuwa mtu wa daftari. Alijumlisha gundi, gesi ya mara ya kwanza, bamba, gesi ya mara ya pili, kompresa, na samaki walioharibika, ambao alimlipa mwenyewe hadi senti ya mwisho kwa kuwa walikuwa amana. Na jumla ikaipita bei aliyonunulia friji. Alinionyesha ukurasa ule akasema, "Tazama, mwanangu. Kila kimoja kilikuwa rahisi."

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na kauli yao ni kweli, ila ukurasa wa mama ulinifunza jambo la zaidi. Haukunifunza kwamba kitu cha bei ndogo ni kibaya, maana fedha ya kununua cha bei kubwa hatukuwa nayo na wengi hawanayo leo. Ulinifunza kwamba bei ya kitu kimoja haisemi neno mpaka iwekwe pamoja na gharama zinazoandamana nacho. Koili inayouzwa kwa nusu ya bei, lakini inayoilazimu kompresa kunguruma mchana kutwa, hudai nusu iliyosalia kwa njia ya stima, mwezi baada ya mwezi.

Nilipomaliza shule nilipata kazi ya msaidizi katika karakana moja ya Kariobangi Light Industries, chini ya mzee mmoja ambaye sikupata kumwona akiuza koili kabla ya kusoma bamba la maelezo lililobandikwa nyuma ya friji au juu ya kompresa, ambako mtengenezaji huandika jina la gesi na uzito wake kwa gramu. Kisha aliipima koili iliyoharibika kwa utepe: urefu, upana, unene wa bomba, idadi ya mikunjo, na upande wa kuingilia na wa kutokea gesi. Alipokwisha kupata ya kubadilishia aliifunga, akaijaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kukaa kimya akitazama kama patatokea kiputo. Oksijeni aliikataza abadani kwa kazi hiyo, ingawa ilikuwa tele kwa wachomeleaji wa jirani, kwa maana oksijeni iliyoshinikizwa ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka na kuua. Kila mara alipofungua njia ya gesi alibadili chujio linalonyonya unyevu, kitu kidogo cha bei ndogo ambacho wenye pupa hukiacha, na mwisho aliivuta hewa yote kwa pampu kwa muda mrefu kabla ya kutia gesi kwa mizani. Tone moja la maji likisalia ndani huganda kwenye ncha ya kapilari na kuziba njia, na mwenye friji huambiwa kwamba koili mpya ni mbovu ilhali haina hatia.

Mteja mmoja, mwuza nyama wa soko la Burma, alilalamika kwamba ujira na vikorokoro vimeipita thamani ya koili yenyewe. Mzee hakukasirika. Alimwambia, "Ndugu yangu, bei ya koili nimekwisha kukutajia, sasa nakutajia bei ya baridi." Tangu siku ile nimekuwa nikiwashauri watu wagawe fedha yao kwa insafu: afadhali koili ya wastani iliyofungwa kwa utaratibu kuliko koili ya fahari iliyotiwa kwa haraka, kwa kuwa alumini bora ya dunia nzima haiwezi kuondoa maji ambayo fundi ameyaacha ndani.

Ilikuwa katika miaka hiyo ya karakana, miaka ya 1990, ndipo gesi ya R12 ilipoanza kuadimika sokoni, na wengi wa mafundi wetu walidhani ni hila ya wafanyabiashara. Sababu ilikuwa mbali na karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa kemia, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba gesi za jamii hiyo hupanda juu angani na kuharibu ozoni, ambayo ni ngao ya viumbe dhidi ya miale mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yakafanya Mkataba wa Montreal ili kuziondoa. Na ofisi inayousimamia mkataba huo iko Gigiri, upande wa pili wa mji wetu huu. Uamuzi wa wakubwa ukashuka hadi Kariobangi katika sura ya mtungi wa gesi wenye jina geni, R134a. Gesi hiyo haichanganyiki na mafuta ya madini yaliyokuwa katika mashine za R12, kwa hiyo fundi aliyebadili koili na kutia gesi mpya bila kubadili mafuta aliiona kazi yake ikimrudia. Baadaye ikaja R600a, ambayo haina dhara kwa ozoni na huhitajika gramu chache tu, lakini huwaka moto. Na kwa sababu R134a nayo huongeza joto la dunia, mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii yake pia. Funzo nililolipata ni kwamba koili haichaguliwi peke yake: gesi, mafuta na koili ni washirika watatu, na asiyewajua wote watatu asiuze hata mmoja.

Ulipofika ukame wa 1999 na 2000, maji ya mabwawa ya Mto Tana yakapungua, stima ikawa ya mgao, na karakana ikajaa friji zilizokuja na hukumu tayari midomoni mwa wenyewe: "Koili imetoboka, nitafutie nyingine ya bei nafuu." Wengi walikuwa wameambiwa hivyo na muuzaji wa koili. Mzee hakukubali hukumu ya mtu yeyote. Alipima kwanza nguvu ya stima iliyofika kwenye mashine, akasikiliza kompresa, akagusa koili ya nyuma kujua kama ina joto, ndipo akatafuta alama ya mafuta. Aghalabu koili ya ndani ilikuwa nzima, na kilichoungua ni kompresa au kiwashio chake, kwa ajili ya stima kukatika na kurudi kwa kishindo. Niliwaona watu wakirudi nyumbani na fedha ambayo walikuwa wamekwisha kuikata moyoni, na nikayakinisha kwamba koili ya bei ndogo kuliko zote ni ile ambayo mtu ameepushwa kuinunua pasipo haja.

Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ni nadra nyumba ya Eastlands kuhitaji mashine ya kupoza hewa. Lakini nilipokwenda Mombasa kumtembelea shemeji yangu nilimkuta katika taabu iyo hiyo kwa umbo jingine. Esi, yaani mashine ya kupoza hewa, ya chumba alicholala mama yake mgonjwa ilikuwa imevuja koili ya ndani. Nyumba yake ilikuwa karibu na maji, na hewa ya chumvi ilikuwa imeyala mapezi ya alumini hadi yakasagika kama unga yalipoguswa, ilhali vumbi na nywele vilikuwa vimeziba yale yaliyosalia. Muuzaji alimletea koili mbili. Ya kwanza, yenye bei ya chini kabisa, ilitengenezwa kwa gesi ya R22, na mashine ya nje ilikuwa ya R410A, ambayo hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi la R22 kwa nusu yake na zaidi. Nilimwambia, "Shemeji, hii usiikubali hata kwa bure, haikuumbwa kustahimili shinikizo hilo." Ya pili haikuwa na jina mashuhuri, lakini maandishi yake yalitaja R410A, kipimo chake kililingana na mashine ya nje, na mapezi yake yalipakwa tabaka la kuzuia kutu. Aliinunua kwa bei ya chini sana kuliko ile yenye jina la mtengenezaji, akaanza kuisafisha mara kwa mara, na mama yake akalala mustarehe. Hapo ndipo nilipoona waziwazi tofauti ya kuacha jina na kuacha kipimo. Jina ni kitu ambacho mtu wa kipato kidogo aweza kukisamehe bila madhara makubwa, kipimo hakisameheki.

Kisa cha mwisho ni cha mama mmoja wa Kayole anayeuza maziwa. Friji yake ilikuwa ya aina ambayo koili imefichwa ndani ya ukuta, nyuma ya plastiki na povu, na uvujaji ulikuwa humo humo, mahali ambapo hapafikiki bila kuibomoa friji. Mmoja alimwambia aitupe. Mwingine akamwambia anunue koili ya bamba na kuifunga popote itakapokaa. Tulikubaliana na fundi kijana wa Kariobangi kufanya jambo ambalo mafundi wa mitaa yetu wamelizoea: kuiacha koili ya zamani ukutani ikiwa imekatwa, na kukunja nyingine kwa mkono, kwa bomba la shaba linalouzwa kwa futi, kuzunguka kuta za chumba cha kugandishia. Kijana yule alilikunja bomba taratibu juu ya kigogo cha mbao ili lisibonyee kwenye kona, akafuata urefu uliolingana na nguvu ya kompresa, akachomelea viungo viwili tu, kisha akayabana mabomba kwenye kuta ili yakaribiane na maziwa. Shaba ni ghali kwa uzito, lakini huchomelewa na fundi yeyote mwenye mkono mzuri, ilhali alumini hudai ustadi wa pekee. Anayechagua alumini kwa ajili ya bei, na hana kosa kwa hilo, atafute ile iliyokuja na ncha za shaba zilizounganishwa kiwandani, na sehemu ambapo madini hayo mawili hukutana aifunike isipate unyevu, kwa kuwa penye maji shaba huila alumini. Friji ya mama yule ingali inamlisha na wanawe, na sura yake ya ndani haipendezi. Lakini wateja wake hununua maziwa, hawanunui sura.

Kwa mambo haya niliyoyaona, shauri langu kwa mwenye kipato kidogo ni hili. Kwanza apate yakini ya ugonjwa kabla ya kununua dawa, na amtake fundi amwonyeshe tundu au alama ya mafuta kwa macho yake. Pili alinganishe koili na bamba la maelezo la mashine yake, gesi kwa gesi na kipimo kwa kipimo, na ile iliyotolewa katika mashine nyingine asiichukue mpaka ijaribiwe kwa naitrojeni na povu mbele yake. Tatu atenge fedha ya chujio, ya kuvuta hewa na ya gesi iliyopimwa, kabla hajaamua ni kiasi gani kitakachobaki kwa koili. Nne ajumlishe yote. Na jumla ikikaribia bei ya friji nyingine iliyo nzima, asione haya kuiaga ya zamani. Na baada ya hayo barafu iyeyushwe kwa subira, wala kisu kisiingie tena humo ndani.

Kuna jambo moja zaidi, halina gharama, na kwangu ni deni la adili. Fundi akimaliza kazi, aandike kwa wino usiofutika juu ya kompresa jina la gesi aliyotia, gramu zake na tarehe. Friji za Eastlands huhama kutoka mkono hadi mkono, kutoka Buruburu hadi Dandora, na yule atakayeifungua miaka mitano ijayo atakuja na moto wa kuchomelea mkononi asijue kama ndani mna R134a isiyowaka au R600a inayowaka. Mstari ule mmoja wa wino waweza kumwokoa yeye, na nyumba, na watoto walio chumba cha pili. Na mteja anayeudai kabla ya kulipa ujira amefanya wema kwa mtu ambaye huenda asionane naye maishani.